Pikapu Iliyokuwa Inagoma Asubuhi

Nina hasira na pikapu moja mpaka leo, na najua nikisema hivyo watu wanacheka. Acha wacheke. Hawakuwepo kijijini kwetu, upande wa Bunda njia ya kwenda Kibara, miaka ile tuliyotolewa kwenye maboma yetu tukapangwa nyumba mstari kwa mstari na barabara katikati. Pikapu ilikuwa mali ya kijiji kizima na mimi ndiye niliyekuwa dereva. Walinipa na ufundi pia, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu kwenye gereji ya mtu pale Nyakato, Musoma, nikajua kufungua injini na kuirudisha bila kubaki na nati mkononi.

Ilifika kwetu ikiwa imeshachoka. Kijiji kiliipata kwa kuuza ng'ombe. Kila ukoo ulitoa, na baba yangu alitoa madume matatu. Siku madume yanaswagwa kwenda mnadani alijifungia ndani, hakula. Kwa hiyo pikapu ilipokuja ikasimama nje ya ofisi ya kijiji, kwake yeye madume yake yalikuwa yamerudi. Mkutano ukaamua gari la wananchi lisilale na vumbi: kila jioni kundi moja la nyumba kumi linaliosha kwa zamu. Baba akachaguliwa kuwa msimamizi. Hakuwa na mchezo mzee yule. Ukichelewa na ndoo yako, kesho yake jina lako linatajwa kisimani mbele ya wanawake.

Ugomvi ulianza mwaka wa pili. Asubuhi nawasha, stata inazunguka vizuri tu, injini inakataa. Wanaume kumi wanaisukuma mpaka karibu na kisima, jasho linawatoka, wapi. Saa nne, jua likishapanda, inawaka yenyewe bila hata kukohoa, na wale wanaume wananiangalia mimi.

Nilihangaika nayo, na sitaki mtu aniambie sikuhangaika. Nilisafisha vichwa vya betri. Ikawaka saa nne. Kesho yake ikagoma. Nikatoa plagi zote nne, nikazisugua kwa brashi ya waya, nikazianika juani, nikarudisha, ikawaka. Nikatangaza kwamba nimeupata ugonjwa. Kesho yake ikagoma. Nikapiga msasa platini, ikawaka, nikatangaza tena. Nikafungua pampu ya petroli, ikawaka, na safari hiyo nilikaa kimya, bora nilikaa kimya. Sikuelewa kwamba kazi yoyote niliyoifanya ilikuwa inanila saa mbili au tatu, boneti ikiwa wazi, na hadi nimalize jua limeshaipiga injini vya kutosha. Kila nilichogusa kilionekana ndicho kilichokuwa kibovu. Fundi mzima, tena wa Nyakato, nikadanganywa na jua.

Halafu siku moja matenga ya samaki kutoka Kibara yaliharibika yakinisubiri. Mwenyekiti wa kijiji akaniita ofisini. Hakunikaribisha kiti.

"Ndugu dereva, hii gari inawakaga unapotaka wewe."

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Ina ugonjwa, naufuatilia."

"Miezi miwili unaufuatilia. Unapenda usingizi, au kuna watu wamekutuma?" Akafunga daftari lake. "Jumamosi kwenye mkutano mkuu utatupa jina la anayehujumu mali ya wananchi. Usipokuwa na jina, sisi tutakuwa nalo."

Hujuma wakati ule halikuwa neno la kutaniana. Kijiji cha jirani mtu mmoja aliambiwa amehujumu mashine ya kusaga, akapelekwa Bunda, akarudi baada ya miezi amekwisha, hasalimii hata watoto wake. Mimi nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Nilitoka pale ofisini na hasira, maana watu hao hao niliwahi kuwabeba wagonjwa wao mpaka Musoma kwenye mvua, na hakuna aliyeniuliza kama nililala.

Alhamisi asubuhi nikawasha bila matumaini yoyote. Ikawaka. Mara moja tu, na jua halijachomoza. Nikaizima, nikawasha tena, ikawaka tena. Nikabaki nimeshika usukani nikijiuliza jana yake kulikuwa na nini tofauti. Tofauti ilikuwa moja. Jana yake baba hakuwepo. Alikwenda msibani Butiama, kwa shangazi yangu upande wa Mwitongo, akalala huko, na wale wa zamu walipoona hakuna wa kuwataja kisimani wakarudi nyumbani na ndoo zao. Baba akarudi Alhamisi hiyo hiyo mchana. Ijumaa asubuhi pikapu ikagoma.

Ijumaa jioni nikaenda kusimama kwenye kona ya ofisi. Watu wa zamu waliosha mbavu na magurudumu, wakaaga. Baba akabaki na ndoo mbili. Akafungua boneti, alivyoniona mimi nikiifungua mara nyingi, akaanza kuimwagia injini maji polepole, akiisugua kwa kitambaa, akiisemesha kwa lugha yetu maneno yale anayowaambiaga ng'ombe. Maji yalikuwa yanapita juu ya distributa, kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwenda kwenye plagi. Kikilowa, moto unapotea njiani, na hakikauki mpaka jua likipige. Mtu wa wiki ya kwanza gereji anajua hilo.

"Baba," nikasema, "kumbe ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Unaiua gari. Maji hayamwagwi humo ndani."

"Mvua haiinyeshei?"

"Inanyeshea boneti, baba. Siyo injini."

"Wewe ukiosha ng'ombe unaachaga tumbo?"

"Hii siyo ng'ombe!"

Nilimpazia sauti. Kwetu mtoto hampazii baba sauti hata akiwa na mvi, na nilimpazia nikiwa na vidole karibu na uso wake. Nikamwambia wanataka kunifunga kwa ajili ya ndoo zake, na kesho nitalitaja jina lake mbele ya kijiji kizima. Aliifunga boneti taratibu, akaokota ndoo zake.

"Taja," akasema, akaenda zake.

Jumamosi watu walijaa. Baba alikaa mstari wa mbele, amevaa shati lake la kanisani. Mwenyekiti akanisimamisha.

"Ndugu dereva, tupe jina."

Nilikuwa nalo mdomoni, naapa. Nikamwona kichwani mzee yule wanavyompandisha nyuma ya pikapu aliyoitolea madume yake, na mimi ndiye dereva, mimi ndiye wa kumpeleka Bunda. Mdomo ukakataa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa naiacha injini inalowa maji usiku. Ni uzembe, siyo hujuma."

Watu wakaguna. Katibu akaandika. Mwenyekiti akaona uzembe unatosha, hakutaka habari za Bunda. Akasema wanaokubali ninyang'anywe ufunguo na nipewe palizi ya pamba ya kijiji msimu mzima wanyooshe mikono. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa baba yangu. Aliunyoosha wote, mpaka kwapa la shati likaonekana, na hakuushusha mpaka katibu alipomaliza kuhesabu.

Nikajisemea labda hakuniamini. Mzee hajui injini, kwake maji ni maji, labda kweli alidhani mwanawe ni mvivu anayesingizia ndoo. Nilishikilia hilo, nikalala nalo siku mbili. Jumamosi jioni na Jumapili jioni nilikuwa mlangoni kwangu nikiwatazama wakiosha. Waliosha kama kawaida. Baba alisimamia mpaka mwisho, akamwaga maji yaliyobaki chini kwenye mchanga, akaondoka. Boneti hakuigusa.

Jumatatu alfajiri nilipita pale na jembe langu nikielekea shambani. Wanaume kumi walikuwa wamejipanga nyuma ya pikapu tayari kusukuma. Dereva mpya, mtu aliyewahi kuendesha trekta tu, akazungusha ufunguo mara moja. Ikawaka.

"Mnaona?" mwenyekiti akasema. "Ilikuwa ni yeye."

Wakapiga makofi. Baba alikuwa katikati yao, anapiga makofi pamoja nao.