Mama Mkwe na Karani wa Kodi ya Majengo

Digrii niliyokwenda kuitafuta Uganda ilinifundisha mengi, ila haikunifundisha kwamba chumba kikianza kuuza sukari, serikali hukitazama kwa jicho jingine. Hilo nililijua nilipoacha ualimu na kufungua duka Temeke, enzi za Mwingereza. Nyumba yangu ilikuwa kama nyumba zote za mtaa ule: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Duka lilikuwa chumba kimoja cha mbele. Tukaarifiwa kwamba karani wa manispaa atapita kukagua. Chumba kimoja kikiandikwa cha biashara, kodi yake ningeimudu. Nyumba nzima ikiandikwa, ningefunga duka kabla sijashika vizuri bei ya kiberiti, nirudi shuleni kuomba chaki.

Karani alikuja juma lile lile mama mkwe aliposhuka kwa gari moshi kutoka Tabora.

Mama mkwe alikwisha kuwaambia watu wa kwao kwamba mkwewe si mwalimu tena, ni tajiri. Mke wangu, kumlindia mama yake heshima, akaomba maboksi matupu ya sabuni kwa Mhindi wa jumla, akayapanga ukumbini na vyumbani mpaka karibu na dari. Mie niliyaona kama mapambo tu.

Hodi ilipopigwa nilikuwa naoga. Bafu letu lilikuwa uzio wa makuti uani, na nilikuwa na povu hadi masikioni. Mke wangu yuko dukani anampimia mteja mafuta ya taa. Mama mkwe ameketi kwenye mkeka, mlango wa nyuma wa ukumbi, anachagua mchele. Kwetu mwanamume hatokei kifua wazi mbele ya mama mkwe, wala hampazii sauti, wala hamkosoi mbele ya mgeni. Hata ningekuwa na suti ningepita mbali. Basi nikasimama na kopo langu, nasikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimetoka manispaa. Duka hili linaishia wapi?"

"Linaishia?" Mama mkwe alicheka kama mtu aliyeulizwa mbingu inaishia wapi. "Haliishii, mwanangu. Tazama mwenyewe. Mzigo ukumbini, mzigo vyumbani. Hata ninapolala mie, mzigo!"

"Kwa hiyo nyumba nzima ni ghala?"

"Nzima. Na huo ua, mkwe wangu akitaka ataujaza."

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Umsamehe," mama mkwe akamwambia karani. "Mkwe wangu anaoga. Matajiri huoga mchana."

Upande wa pili wa uzio aliishi mama mmoja wa Kizaramo, mtani wangu, maana Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu zama za misafara. Alikuwa amesikia yote.

"Mnyamwezi wee! Maji yamekupalia? Au hujazoea kuoga?"

"Mtani," nikanong'ona kwenye makuti, "mama anasema nyumba nzima ni duka. Nitatozwa mpaka choo. Nenda kaseme ukweli."

"Kaseme mwenyewe, si una digrii?"

"Nina povu."

"Nikikuokoa napata nini?"

"Ratili ya sukari."

"Endelea kukohoa."

"Ratili mbili!"

Nikasikia kandambili zake zikizunguka, zikaingia kwa mlango wa uani.

"Mama, pole na safari. Nasikia mkweo amekulaza ghalani."

Ungo wa mchele ukanyamaza.

"Nani kalazwa ghalani?"

"Si wewe unasema? Makubwa haya! Sie Wazaramo mama mkwe tunampa chumba na kitanda. Nyie mnampanga na sabuni, asije akanuka!"

Mtani hakasirikiwi, lakini anajibiwa. Kwenye upenyo wa makuti nikamwona mama mkwe akiinuka. "Mie nilale na mizigo? Mwanangu karani, njoo uone kitanda changu!" Akalivamia boksi lililoziba mlango wa chumba chake, kwa mikono miwili na nguvu zote za mtu anayetarajia uzito. Boksi likaruka, likampiga karani kifuani. Mengine yakalifuata.

"Mama," karani akasema, "haya ni matupu."

"Matupu ndiyo! Ulitaka mtu alale na yaliyojaa, yamwangukie?"

Akampitisha chumba kwa chumba, akimwonyesha vitanda, mashuka, mito, mpaka mtani wangu akakiri kwamba Wanyamwezi nao ni watu.

"Basi, mama," karani akasema, "duka ni chumba cha mbele tu."

"Hicho tu," mama mkwe akajibu kwa sauti ya msibani. Kisha akachangamka. "Lakini ukipime vizuri. Lete hiyo kamba yako ya kupimia, nitakushikia."

Wakaenda mbele. Nikawa nasikia kwa mbali.

"Mama, umetoka nje ya mlango. Hapo ni barazani."

"Kwani barazani watu hawauzi?"

"Hapa hawauzi, mama."

"Watauza. Vuta, mwanangu, vuta! Mkwe wangu si mtu wa chumba kidogo."

Karani alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, hakuweza kumnyang'anya mtu mzima kamba. Akaandika urefu kama kamba ilivyoonyesha. Povu lilikwisha kunikaukia mwilini, lakini duka lilikuwa limepona: nilitozwa chumba kimoja na kipande cha baraza. Kesho yake nikatoa meza nje, nikapanga sigara na karanga, ili mama mkwe asije akawa amesema uongo.