Kuku wa Machungwa

Mpishi aliyeletwa na binti yangu hupika kuku kwa machungwa na zeituni, na kila akimpakulia mume wangu hunigeuzia mgongo. Chungwa hulikwaruza kwa ukucha, akalinusa, akaguna. Mimi nikasema huyu anafunika harufu ya nyama iliyolala. Juzi nikamnyatia.

"Unamtilia nini mzee wangu humo?"

Hakushtuka. Vidole vyake vyembamba vilikuwa vikitoa mbegu na kuambua utando wa kila kipande cha chungwa.

"Simtilii kitu, mama, namtolea. Utando unamkwama kooni. Kwani humsikii anavyokohoa?"

Miaka arobaini na sita nimempakulia mimi, na kikohozi hicho sikuwahi kukisikia. Nikamwambia chumvi haijakolea, na wala sikuwa nimeonja.