Kuota Nikijua Naota

Harufu ya wodi ile ilikuwa ya dawa ya kusafishia sakafu iliyochanganyika na uji wa wimbi, na dirisha lilipofunguliwa, harufu ya ziwa iliingia na kuzifunika zote mbili. Ilikuwa hospitali moja mjini Homa Bay, majira ya mvua za masika, nami nilikuwa na miaka tisa hivi. Nyumbani kwetu Sori kazi ya mama ilikuwa kuanika na kuuza omena, samaki wadogo wa ziwani, lakini sasa alikaa nami wodini. Baba alichimba dhahabu Macalder na alikuja kutuona Jumapili, udongo ukiwa umemkaukia kwenye kucha. Nilikuwa nimelazwa kwa ugonjwa wa selimundu, ule unaozipinda chembe za damu zikakwama njiani, mifupa ikauma kama inayosagwa. Wakati huo sikulijua jina hilo. Kwetu tuliuita ugonjwa wa mifupa, na mimi niliujua zaidi kwa makatazo yake: usikimbie, usinyeshewe, usiingie ziwani. Wenzangu waliporuka majini wakipiga mayowe, mimi nilikaa juu ya mawe nikiwashikia nguo zao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kitanda kilichopakana na changu kilikuwa cha Adhiambo, msichana mkubwa kunishinda, binti wa wakulima wa miwa kutoka Uriri. Alikuwa na ugonjwa kama wangu, ila yeye alishalazwa mara nyingi hata akawajua masista kwa mlio wa viatu vyao kabla hawajatokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya manjano na kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Alasiri moja, wodi imetulia baada ya chakula, alinigeukia.

"We nyar Sori," alisema, yaani msichana wa Sori, "ukilala huwa unaenda wapi?"

Nikamjibu kwamba siendi popote, naota tu.

"Hapo ndipo unapotea. Unaota na hujui unaota. Mimi nikiota najua. Na nikishajua, naenda penye nataka."

Hakuna aliyemfundisha, alijifunza mwenyewe, kwa kulala sana na kuchoka sana. Somo lake lilikuwa jepesi kuelezwa na gumu kutendwa. Mchana kutwa, kila nilipokumbuka, niitazame mikono yangu na kujiuliza kama niko macho ama naota. Tena nijiulize kwa dhati, kwa sababu, alisema, ukijiuliza kama kasuku utajijibu kama kasuku. Mikono ya ndotoni haitulii: vidole huongezeka, hurefuka, huyeyuka kama mshumaa. Anayezoea kuuliza akiwa macho, siku moja atauliza akiwa usingizini, na hapo mlango utafunguka. Basi niliitazama mikono nikinywa uji, nikichomwa sindano, hata nikilia. Sista mmoja alimuuliza mama kama ni vidole vinavyoniuma. Mama akasema hajui, labda ni homa.

Haba na haba hujaza kibaba. Alasiri moja ya mvua nilijiona niko Sori, kwenye uwanja wa kuanikia samaki, omena zimetandazwa juu ya nyavu zikimetameta. Nikainua mikono, nikaona vidole vimejaa kama ndizi kwenye kichane. Moyo ukanilipuka kwa furaha. Nilikuwa naota, na nilijua! Sikutaka kuruka angani wala kuwa malkia. Nilikimbia. Nilikimbia moja kwa moja hadi ziwani, magoti yasiniume, nikaingia majini hadi shingoni, na maji yale yalikuwa ya vuguvugu kama ya kuogea mtoto mchanga. Nilipoamka nilikuwa nacheka. Adhiambo aliunyoosha mkono wake kutoka kitandani kwake akanishika kidole, tukakaa hivyo mpaka chai ilipoletwa.

Lililofuata halikuwa somo lake. Siku moja maumivu yalinishika vibaya, dawa ikachelewa kushika, nikahisi nateleza kutoka ndani yangu, polepole, kama mguu unavyotoka kwenye gamubuti iliyojaa maji. Nikawa juu, karibu na dari. Chini nilimwona msichana mdogo amejikunja, na kando yake mama, kitambaa chake kimemlegea kichwani, analia huku ameuma ukingo wa shuka ili asitoe sauti. Sikuwa nimewahi kumwona mama akilia. Mbele yangu yeye alikuwa mtu wa kuimba pambio na kuwatania wauguzi. Nilimhurumia sana, na huruma ile ndiyo iliyonirudisha, kwani mara nilijikuta tena kitandani, maumivu yaleyale, macho yangu yakitazama ukuta. Nikamwambia, "Mama, usiume shuka."

Alishtuka hata akasimama. Nikamweleza yote, na masomo ya Adhiambo pia. Leo nimesoma kwamba ubongo wenye maumivu na dawa kali huweza kumchorea mtu picha za namna hiyo. Huenda niliisikia tu pumzi yake ikikwama kwenye shuka. Lakini mama hakuwa na maelezo hayo. Aliyajua tu yale yanayosemwa kwetu, kwamba roho iliyoizoea njia ya kutoka husahau ya kurudi. Akamgeukia Adhiambo.

"Mtoto wa wenyewe, unamfundisha wangu kufa?"

"Hapana, mama," Adhiambo alisema kwa upole. "Namfundisha kupumzika."

Kwa siku kadhaa mama alikaa katikati ya vitanda vyetu kama ukuta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye aliujua mara mbili. Kabla yangu alikuwa amemzaa Ochieng', kaka yangu, ambaye ugonjwa huohuo ulimchukua mimi nikiwa bado natambaa. Jina lake halikutajwa nyumbani. Kwa hiyo nilizuia pumzi siku mama alipoketi ghafla kwenye kitanda cha Adhiambo, akamenya chungwa, akampa nusu, kisha akauliza bila kumtazama:

"Na mtu akiota mtoto wake anamwita, na mdomo haufunguki kumwitikia?"

Adhiambo alitafuna kwanza. "Ni mtoto gani, mama?"

"Ochieng'. Ananiita kila wakati. Na mimi nasimama tu."

Tangu hapo mama naye akawa mwanafunzi. Nilimwona akiitazama mikono yake akifua nguo zangu, akinisonga nywele, hata akiwa amefumba macho kwa sala na kuyafumbua kidogo. Haikumjia upesi. Tulikuwa tumekaribia kuruhusiwa kwenda nyumbani aliposinzia kwenye kiti, jua la mchana likimpiga magotini, na midomo yake ikaanza kucheza. Alipofumbua macho aliitazama mikono yake.

"Nimemwitikia," alisema.

"Alikuwa anataka nini?" nikauliza.

"Hakutaka kitu, nyathina," akaniambia, yaani mtoto wangu. "Alitaka tu niitike."

Siku hizi naishi Migori, ninafundisha shule ya msingi. Adhiambo ana cherehani yake Uriri, na kicheko chake kwenye simu bado ni kikubwa kuliko kifua. Wanafunzi wangu wakubwa huangalia mtandaoni mafunzo ya kuota unavyotaka, yenye muziki na rangi, na hunisimulia jinsi watakavyoruka juu ya majumba. Huwa nawasikiliza na kutabasamu. Sisi hatukutafuta maajabu; tulitafuta mahali pasipouma. Leo kuna vidonge ninavyomeza kila siku, watoto wenye damu kama yetu hupimwa mapema, na mwili huu niliotamani kuukimbia umekuwa nyumba ninamoweza kukaa. Ufundi ule umenipotea taratibu, nami sijautafuta. Nalala kama mtu yeyote aliyechoka na kazi, fofofo, naamka asubuhi bila kukumbuka nilikokuwa. Msichana niliyekuwa kule Homa Bay angeona usingizi wa namna hii ni wa kimaskini. Mimi najua ndio utajiri tuliokuwa tunauomba.