Kimya cha Sista Chiriku

Alizaliwa kitinda mimba katika nyumba ya fundi viatu, akaanza kusema kabla ya kutembea, na dada zake waliapa kwamba tangu siku hiyo hakupumzika. Alipoingia utawani alipewa kazi ya kushona mavazi ya ibada, na mdomo wake ukashindana na cherehani. Wenzake walimwita Sista Chiriku. Maonyo ya mama mkuu yaliingia sikio hili yakatokea la pili.

Mwaka wa tisa wa utawa wake alipatwa na saratani ya damu. Alitibiwa, nywele zikamtoka, damu ikasafika. Daktari alimwonya kwamba ugonjwa huo huweza kujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa za mishipani hazifiki vizuri. Akiumwa kichwa au kutapika, arudi upesi. Alirudi kushona akiwa hoi, lakini anaongea.

Kwaresima iliyofuata, kipindi ambacho nyumba ile ya watawa hushika kimya, Chiriku alinyamaza kweli. Masista walishangaa, kisha wakafurahi. Alipolaza kichwa juu ya benchi la kanisani, walisema amezama katika sala. Aliporudisha sahani bila kuigusa, walisema anafunga. Hata kanzu zilipotoka mkono mmoja juu na mwingine chini, walisema moyo wake haupo tena duniani. Sisi watu wa dini tukishatamani kuona utakatifu, hatuoni kingine.

Juma Kuu, mama mkuu, naye akiwa amechoshwa na mizigo yake, aliingia chumba cha kushonea kumwomba amwombee. Alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye chuma baridi cha cherehani.

"Mama, mimi sisali," Chiriku alisema polepole. "Kichwa kinaniuma. Nawaona mko wawili."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Mlifurahi sana niliponyamaza."

Hospitalini walimchoma sindano kiunoni, na maji ya uti wa mgongo yakaonyesha saratani. Dawa ilipitishwa hapo hapo, mara nyingi, mama mkuu akimshika mabega. Maneno yalirudi kidogo, lakini walikuwa wamechelewa. Alifariki mwaka huohuo, akimsimulia muuguzi kisa cha baba yake na kiatu kimoja, na hakukimaliza.

Wapo wanaosema wameponywa kwa maombezi yake. Kanisa halina haraka ya kumtangaza mtakatifu, na sisi pia hatuna. Nyumba ile bado hushika kimya cha Kwaresima, ila kila asubuhi mama mkuu hupita chumba kwa chumba akiuliza, "Umeamkaje?" na haondoki mpaka ajibiwe. Anayetaka kumheshimu Chiriku na aanzie hapo: amuulize aliyenyamaza, kisha avumilie jibu refu.