Tuombe, Mshika Kamba

Mjomba wangu, kaka yake mama, amefanya kazi ya visima miaka kumi na saba na hajawahi kukanyaga chini ya kisima hata kimoja. Alijaribu mara moja, akiwa kijana. Alipofika kina cha watu watatu akaanza kupiga kelele kwamba mbingu imekuwa ndogo, wakamtoa akiwa ameikumbatia ndoo. Tangu siku hiyo kazi yake ni ya juu. Baba anachimba, mjomba anashika kamba.

Kamba inapita kwenye kapi lililoning'inizwa juu ya mdomo wa kisima, inazungushwa mara mbili kwenye nguzo ya chuma, ndipo inafika mikononi mwake. Kwa kamba hiyo baba hushuka asubuhi, mguu mmoja ndani ya kitanzi, na kwa kamba hiyohiyo udongo hupanda, ndoo baada ya ndoo. Baba akiivuta mara moja, ndoo imejaa. Mara mbili, ngoja. Mara tatu, nitoe.

Jina la mjomba watu wamelisahau. Wanamwita Tuombe, maana hawezi kuanza jambo bila neno hilo. Chai ikimiminwa, tuombe. Kufuli likigoma, tuombe. Mama mwenye nyumba wetu, ambaye ulimi wake hauna breki, husema huyu mtu akiwashwa mgongo ataitisha mkesha kabla hajajikuna.

Lakini kwenye kamba ndipo huomba hasa. Hufumba macho akaanza: "Ee Mungu, shika kapi hili. Shika kamba hii, uzi kwa uzi. Shika ndoo hii na mshikio wake. Mshike na shemeji yangu, na kichwa chake kigumu hivyohivyo kilivyo." Haombi kimoyomoyo. Ananguruma chinichini kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Na sauti ya baba ilikuwa ikipanda kutoka shimoni kama ya mtu aliye ndani ya pipa: "Shemeji, ndoo imejaa. Mwambie huyo unayeongea naye avute."

Baba si mtu wa kumkana Mungu. Ila anasema Mungu hakuomba kazi ya kushika kamba, aliyeomba ni mjomba. Mjomba naye humjibu kwamba asiyeomba ni yule ambaye hajajua ana haja gani. Wamebishana hivyo tangu sijazaliwa, na sikuwahi kuona ubishi huo ukimdhuru mtu.

Mwaka huu mama mwenye nyumba alitaka kisima uani, katikati ya vyumba vyetu na vyake. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza kazi ya baba ikawa mbele ya mlango wetu. Mimi nilikuwa ndani ya mlango huo karibu kutwa, shule niliiacha darasa la tano, na kuchambua maharage hakuhitaji macho yote mawili.

Kilichonishangaza ni mama. Yeye hushona foronya kwa mashine ya mkono. Siku baba akichimba mbali, hushona mpaka jua linazama. Sasa akawa hawezi kukaa. Alishona mshono mmoja akainuka, akafagia, akarudi, akashona nusu, akainuka tena kufagia palepale palipofagiliwa. Midomo ikimcheza. Siku moja mjomba alimwambia, "Dada, ombea kitu kimoja kwa jina lake, usizungukezunguke. Mungu hapendi mtu anayebabaika."

"Mimi siombi kitu," mama akasema. "Nikianza kumtajia hiki na hiki naona kama namkumbusha alichosahau. Namkaribisha tu, tukae wote tusubiri."

"Hiyo si kuomba, hiyo ni kupiga soga."

"Basi ni soga. Angalia kamba."

Ilikuwa Jumanne, kisima kimefika mita kumi na moja. Kuku wa mama mwenye nyumba alipanda juu ya rundo la udongo uliotoka shimoni, akaanza kuparua. Mimi nilimwona. Nilidhani mjomba naye anamwona. Lakini mjomba alikuwa anashusha ndoo tupu, na alikuwa amefumba macho, amefika kwenye "shika ndoo hii na mshikio wake." Jiwe lililokuwa kwenye rundo, kubwa kama ngumi mbili, likaviringika taratibu, kama lina safari yake, likaingia.

Hatukusikia mtu kulia. Tulisikia tu kitu kama mlango uliofungwa mbali. Kisha kamba ikavutwa mara tatu.

Mjomba alivuta mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye katani ya kamba. Mama alitupa ufagio akaishika kamba nyuma yake, nami nyuma ya mama. Baba alipotokea uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na bega la kushoto lilikuwa limeshuka kama koti lililotundikwa vibaya. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Daktari alimfunga mkono kifuani akamwambia wiki sita, asiguse sururu.

Jioni ileile, mjomba na vitambaa mikononi, baba na mkono kifuani, walikaa kwenye kitanda kimoja kama abiria wasiojuana.

"Lingeanguka nusu shubiri huku," mjomba akasema, "lingekuwa kichwa. Unadhani nani alilisogeza?"

"Na nani alilileta?"

"Kuku."

"Sawa. Kuku alikuwa kazini, Mungu alikuwa kazini. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa likizo."

Mama alicheka kidogo, bila kutaka. Mjomba hakucheka. Baba naye, nilimwangalia, hakuwa anatania.

"Nikipona nitatafuta mtu mwingine wa kamba," baba akasema.

Mama akaacha kuchekea kiganjani. "Mtu gani?"

"Mtu mwenye macho."

Mjomba aliinuka akaenda chumbani kwake, kile cha mwisho, kilicho karibu na bomba. Asubuhi hakuomba juu ya chai. Tulikunywa tukisikilizana tunavyomeza.

Zile wiki sita zilikuwa mbaya kuliko jiwe. Mjomba hana mke, hana mtoto, hana kazi nyingine anayoijua, ana kamba. Kila siku aliitoa, akaikunjua uani, akaipapasa kipande kwa kipande, akaikunja. Baada ya saa mbili aliitoa tena. Mama alikuwa akimtazama kaka yake, anamtazama mumewe, anakata uzi mahali pasipotakiwa. Foronya mbili alizishona zikafungwa pande zote nne.

Kisha nikagundua mjomba anajifunza. Alikuwa anafunga kamba kwenye ndoo ya maji, anakaa mbele yake, macho ameyatoa kama mtu anayesubiri kupigwa picha, midomo inaanza, inasimama. "Ee Mungu, shika..." Kimya. Anajifuta machozi ya kukodoa. Anaanza upya.

"Kaka, unafanya nini?" mama alimwuliza.

"Naomba nikiangalia."

"Na?"

"Haiji. Nikiiangalia ndoo naiona ndoo. Maneno yangu yamezoea giza." Akakaza fundo la ndoo. "Dada, kama ni kweli nililala kazini miaka kumi na saba, aliyekuwa anamrudisha mumeo juu kila siku ni nani?"

Mama akainuka. Alichukua ufagio.

Wiki ya saba baba alileta kijana wa kubeba mizigo stendi, shingo kama gogo. Nguvu anazo, adabu anayo. Alishika kamba bila kupepesa. Hakusema neno, hakutazama pembeni, ndoo zilipanda zimenyooka. Mjomba alikuwa kwenye kizingiti cha chumba chake, amekaa juu ya mikono yake mwenyewe. Mama mwenye nyumba alikuja, akaangalia, akasema, "Haya, huyu ndiye mshika kamba. Yule mwingine alikuwa mwenyekiti wa ibada." Mjomba alisikia. Alijikuna goti, basi.

Hata saa moja haikuisha, kamba ikavutwa mara tatu.

Mama alikuwa wa kwanza kufika. Baba alitoka mzima. Alikaa kwenye ukingo wa kisima akaomba maji, akanywa, akaomba mengine. Jasho lake halikuwa la kazi.

"Bega?" mama akauliza.

"Bega halina neno."

"Hewa?"

"Hewa ipo."

Yule kijana akasema, "Mzee, nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mwanangu. Kazi yako safi." Baba aliitazama bilauri. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekiri wizi mdogo, "Kule chini ni kimya. Unachimba, hujui kama juu kuna mtu au wamekwenda kula. Nimepiga sururu tatu, nikasimama kusikiliza. Tatu nyingine, nikasimama. Mbingu yenyewe kutoka kule ni kama kifuniko cha sufuria." Hakumwangalia mjomba. "Nimekaa miaka yote hii nikidhani ananisumbua."

Kijana alilipwa siku yake, akaenda na adabu yake. Baba akasema, kana kwamba anazungumza na bomba, "Shemeji aje. Aje na mdomo wake. Lakini macho nayataka wazi."

Mjomba alifika haraka mpaka kiatu kimoja kikabaki nyuma. Akashika, akamshusha baba, akakodoa. Na ikawa kama kwenye ndoo ya maji: "Ee Mungu, shika..." halafu hakuna. Jasho likamtoka puani. Mama alisimama mlangoni na sindano midomoni.

Kutoka chini: "Upo?"

"Nipo."

"Mbona kimya?"

"Haiji, shemeji."

"Sema chochote basi."

Mjomba akainua macho kwenye kapi. "Kamba iko kwenye kapi," akasema. "Iko katikati, haijapanda ukingo. Mkono wangu wa kushoto uko mbele ya wa kulia. Kuna shuka mbili zimeanikwa, moja ina kiraka. Dada amesimama mlangoni, ameng'ata sindano, ataimeza huyu. Binti yako ananiangalia. Ukingo mkavu. Rundo limetulia, hakuna anayelipanda. Ndoo inakuja, inazunguka kidogo, sasa imetulia..."

Aliendelea hivyo mpaka mchana, akala huku anasema, akaendelea mpaka jioni. Sauti ilikuwa ileile, ule mngurumo wa mashine ya mtaa wa pili. Kule chini sururu haikusimama. Mama alishona foronya tisa, na kila aliponyamaza mjomba kuvuta pumzi, yeye naye aliacha kuzungusha mashine.

Baba alipotoka, ameloa tope la kwanza lenye maji, alisema, "Leo umeomba vizuri."

"Leo sijaomba," mjomba akasema. "Leo nimetaja nguo zilizoanikwa."

"Basi endelea kutokuomba hivyohivyo."

Nilidhani yatakuwa yamekwisha, na baba alidhani hivyo, alikula akalala. Lakini mjomba hakukaa. Alifunika kisima kwa mbao, akarudi kuzitazama mbao. Akamfuata mama jikoni.

"Dada, ile ilikuwa sala?"

"Ulikuwa unasema na nani?"

"Na shemeji."

"Peke yake?"

Mjomba alisogeza ukuni motoni. "Sijui," akasema. "Hilo ndilo linanikosesha raha. Kama haikuwa, leo alikuwa kule siku nzima bila kuombewa, na akarudi. Na kama ilikuwa, basi zile nyingine zilikuwa nini?"

"Mie ningesema zote ni sala," mama alisema, "lakini wewe huiti soga sala."

Asubuhi, baba ameshaweka mguu kwenye kitanzi, kamba bado imefungwa kwenye nguzo, mjomba akasema, "Nipe dakika mbili. Kabla sijashika chochote. Nifumbe."

Baba aliangalia jua, akamwangalia. "Mbili."

Mjomba akafumba macho. Mikono yake haikujua pa kwenda. Aliiweka kifuani, akaishusha, akaishika moja kwa nyingine. Safari hii hakunguruma, hatukusikia neno. Uso wake ulikuwa unabadilika kama wa mtu anayetafuta kitu ndani ya mfuko mkubwa. Dakika mbili zikapita, zikapita tatu. Mama aliniashiria nisifanye kelele na ungo. Baba alisimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo, bila kumharakisha, na kwa mara ya kwanza nilimwona naye ameinamisha kichwa, ingawa labda alikuwa anaangalia shimo.

Mwishowe akasema taratibu, "Shemeji. Jua linapanda."

Mjomba akafumbua macho. "Sijamaliza."

"Utamalizia nikiwa chini. Shika."