Beseni la Mtoto na Samaki Watatu

Uvumilivu wangu uliisha siku mume wangu alipoitoa sufuria yangu ya maharage kwenye jiko la mkaa ili apashe moto panga la migombani. Alitaka likate akriliki, ile plastiki ngumu inayoonekana kama kioo, atengeneze tanki la samaki. Wiki ya tatu hiyo samaki wake watatu wanaishi kwenye beseni la mtoto, na mtoto namwogeshea kwenye ndoo. Ubao wa kwanza wa akriliki ulishayeyuka kama mshumaa. Huu ulikuwa wa mwisho.

"Weka chini hilo panga, baba watoto."

"Mama, hii kazi ya ufundi."

"Ufundi gani wa kunuka moshi?"

Nikachukua rula na kipande cha msumeno wa chuma, nikakwaruza mstari uleule juu ya akriliki mara nyingi mpaka ukawa mfereji. Nikaulaza ubao kwenye ukingo wa meza, nikakandamiza. Ka! Ukakatika, umenyooka. Nikaruka kwa furaha, mtoto akapiga makofi, hata mume wangu akacheka.

Jumapili, nje ya kanisa, namsikia anawaambia wanakwaya wenzake, "Nimekata mwenyewe."

Jumatatu nikampelekea mwenyekiti wa mtaa barua. Aliisoma kwa sauti, akacheka mpaka machozi, akagonga mhuri:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUME WANGU. Akriliki nilikata mimi. Naomba awaambie hivyo wanakwaya wote, na beseni la mtoto alisugue yeye."