Wakaguzi wa Njaa Walivyokula kwa Mama

Watu wakisikia natoka Sumbawanga hunisifia mahindi. Ufipa hakuna njaa, wanasema, kana kwamba mahindi yakishapita barabarani kwenye malori yamepita pia matumboni mwetu. Huwa nawaacha waseme. Njaa ya kwetu ina adabu, huioni mpaka ufunue chungu.

Kijijini kwetu, upande wa barabara ya Matai, kuna ghala la pamoja. Limeunganishwa na maghala ya vijiji vingine, vya huku juu na vya bondeni upande wa Muze. Baada ya mavuno kila kaya hupeleka debe lake. Mvua zikikolea na mahindi mapya bado mabichi, kamati hupita nyumba kwa nyumba kuangalia nani ameishiwa, na kijiji kilichopungukiwa huletewa na wenzake. Ni mpango mzuri. Nautaja uzuri wake mapema nisije nikaambiwa nina roho mbaya.

Mama yangu ni mjane. Mwaka mmoja aliugua wakati wa kupanda, akavuna kidogo sana. Hata hivyo alipeleka debe lake, mahindi meupe aliyoyapepeta na kuyachagua mwenyewe. Wengine, nawajua, walipeleka yaliyotobolewa na dumuzi.

Mvua zilipokolea, kihenge chake cha kuhifadhia mahindi kikawa kitupu. Akasikia kamati inakuja kesho yake. Mtu mwingine angekiacha wazi wajionee. Mama alikanda udongo, akakisiriba mdomo kama kilichojaa, akafagia uwanja. Ndivyo alivyolelewa: kihenge kitupu hakionyeshwi wageni, ni sawa na kumvua nguo mwenye nyumba. Kisha unga wa mwisho, aliokuwa akiubana kwa uji wa asubuhi, akawasongea ugali kwa maharage.

Wakala. Walikuwa watu wazima wa kijiji hicho hicho, wamelelewa na akina mama wa aina hiyo hiyo. Udongo mbichi kwenye kihenge walijua maana yake. Wakanawa, wakashukuru, wakaenda kusema kuwa nyumba ile ina akiba.

Mimi naishi mjini, Milanzi, nashona nguo. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta anachemsha majani ya maboga, matupu, bila ugali wa kulia. Nikakigonga kihenge, kikalia kama ngoma. Nilipomuuliza kama watu wa ghala walifika, alisema walifika, na walishiba.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Shikamoo ilinitoka kwa shida. Aliitikia vizuri tu, akanipa kigoda, akasikiliza.

“Mwanangu, tulikula kwake mpaka tukabakiza,” akasema. “Mwenye njaa hupika vile?”

“Mlipikiwa kilichokuwepo chote. Hayo makombo mliyobakiza ndiyo aliyolalia.”

Akatazama chini. Kisha akasema mahindi yapo, ila utaratibu ni mhusika aje mwenyewe ghalani, asimame mbele ya wenzake, aseme ameishiwa. Alijua Mama hatakwenda. Hilo sijamsamehe, wala sijioni nikimsamehe karibuni.

Mama hakwenda. Nilimpelekea unga kutoka mjini, na kwa amri yake niliuficha chini ya vitambaa vya kushonea ili majirani wasiuone. Gauni nililomshonea Krismasi lilikuwa linamning'inia. Nikalipunguza kiunoni huku yeye akinilaumu kwamba tangu mwanzo sikupima vizuri.

Mavuno yaliyofuata tukaitwa mkutanoni, ghalani. Walikuja wageni wa maghala yote, na asubuhi hiyo Mama alikuwa ameshapeleka debe lake, limepepetwa kama kawaida. Mgeni mkubwa akasimama akasema kijiji chetu ni cha kuigwa, kwa sababu msimu mzima hakuna kaya hata moja iliyolala na njaa. Mwenyekiti akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Watu wakapiga makofi.

Mimi nilikaa na mikono mapajani. Mama, ndani ya lile gauni nililolipunguza, alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Akanigusa kwa kiwiko.

“Piga makofi,” akaninong'oneza. “Watu wanatuangalia.”

Nikapiga.